Fort Jesus na Wanafunzi Wanaopita Langoni Mwake

Shule nyingi za Kenya, za Pwani na za bara, zinapopanga ziara ya masomo Mombasa, hazikosi kuitia Fort Jesus katika ratiba. Mambo ambayo mwanafunzi huyaandika daftarini siku hiyo yanajulikana: ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ramani yake ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, mizinga yake ilielekezwa baharini. Hayo yote ni kweli, na mwalimu anayeyafundisha hajakosea. Ila mtoto akirudi nyumbani na hayo tu, amepewa robo ya historia na kuambiwa ndiyo yote. Wareno waliishika ngome hiyo kwa miaka 105 hivi, tangu kujengwa hadi 1698, kisha wakairudia kwa muda mfupi mwaka 1728 na 1729. Nayo imesimama zaidi ya miaka 430. Hoja yangu ni kwamba kuta zile zina ushahidi mwingi kuhusu watu wa pwani na majirani zao kuliko kuhusu wajenzi wake, na kwamba ziara ya shule ina maana pale tu mtoto anapofundishwa kuusoma ushahidi huo mwenyewe.

Ushahidi wa kwanza uko langoni, ambapo wengi hupita wakiwa na haraka ya kuingia. Kuna jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno kwa amri ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Kapteni anajisifu kwamba ameirekebisha ngome, amewatia adabu watu wa Pate na Siyu, amewaadhibu Wapemba, na kuwatiisha watu wa bara waliokuwa nyuma ya kisiwa cha Mombasa, ambao Wareno waliwaita Muzungulos na ambao wanahistoria wanawahusisha na Wamijikenda wa leo. Mtoto wa Rabai au Kaloleni anayesimama chini ya jiwe hilo anasoma habari za watu wake zilizoandikwa na aliyewapiga. Hapo pana somo zima la historia. Mtawala hajisifu kwa kuwatiisha watu waliokuwa wametulia. Orodha ndefu ya walioadhibiwa ni ushahidi kwamba sehemu kubwa ya pwani ilikuwa imeukataa utawala huo. Jiwe lilichongwa ili kutangaza ushindi, lakini linathibitisha upinzani, na mwanafunzi wa darasa la sita ana uwezo wa kuliona hilo akiulizwa swali moja tu: nani aliandika, na kwa nini aliona haja ya kuandika?

Upinzani wenyewe ulikuwa na kisa. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa kwa hila za Wareno, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa Mombasa kuwa mfalme mtiifu. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake na kuitwaa ngome. Cabreira alikuja miaka minne baadaye, na majigambo ya jiwe lake yanaeleweka vizuri zaidi mtu akijua hofu iliyotangulia. Lakini asije mwalimu akaigeuza historia hii kuwa hadithi rahisi ya Wareno upande huu na wenyeji upande ule. Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, ndani yake walikuwamo watu wa pwani walioshikamana na Wareno. Mwaka 1697 maradhi yalipowamaliza karibu askari wote wa Ureno, ulinzi uliongozwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza. Mji wake ulikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Merikebu Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome Oktoba mwaka huohuo, na vitu vilivyopatikana chini ya bahari katika uchimbuzi wa miaka ya 1970 sasa vimo ndani ya makumbusho. Mwanafunzi anayeviona vitu hivyo bila kumsikia Bwana Daud atadhani vita ile ilikuwa ya wageni wawili waliokuwa wakigombania kisiwa kisicho na watu.

Sehemu inayonisikitisha zaidi ni ile isiyoonekana kabisa. Tangu 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, na ikabaki gereza hadi 1958. Kwa miaka 63, kwa watu wa Mombasa, hapo palikuwa mahali pa kufungwa ndugu zao. Mwanaakiolojia James Kirkman, ambaye kabla ya hapo alichimbua magofu ya Gedi, ndiye aliyeifukua ngome na kuitayarisha iwe makumbusho, kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Kazi yake ilikuwa kubwa na tunaishukuru. Lakini ili misingi ya zamani ionekane, majengo mengi ya gereza yaliondolewa. Nyumba ya Waomani ilihifadhiwa, maandishi ya Wamazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, yakahifadhiwa, michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno ikahifadhiwa. Seli za wafungwa hazikupata heshima hiyo. Makumbusho yoyote huchagua, na mtoto ana haki ya kujua kwamba alichokiona kilichaguliwa na mtu.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mazito mno kwa watoto, kwamba kwanza wajue miaka na majina, uchambuzi uje baadaye. Wakati wa mfumo wa 8-4-4 hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu mtihani wa GHC (Jiografia, Historia na Uraia) uliuliza miaka na majina. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua vizuri kwamba ndugu wawili waliogombana hawasimulii ugomvi kwa namna moja. Ujuzi huo anao tayari; kinachotakiwa ni kuupeleka langoni. Wengine watasema nafasi haitoshi: saa moja, watoto mia, mwongozaji mmoja. Kweli haitoshi kwa kuzunguka kila kona, na ndiyo sababu nasema zisizungukwe kona zote. Vituo vitatu vilivyoandaliwa darasani wiki moja kabla vinafundisha kuliko mbio za kuzunguka kuta zote. Na kwa anayeona picha za simu zingetosha na kupunguza gharama, jibu ni kwamba picha huonyesha kile ambacho mpiga picha alikitafuta. Unene wa ukuta uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, na ukaribu wa ngome na nyumba za Mji wa Kale, ambao wakazi wake waliishi chini ya mizinga hiyo, havijulikani mpaka mtu asimame pale.

Pingamizi gumu ni la wale wanaohofia kwamba mwalimu atapachika siasa za leo juu ya mawe ya zamani. Hofu hiyo naiheshimu, na dawa yake ni kuushika ushahidi: jiwe la Cabreira lisomwe lilivyo, Bwana Daud atajwe hata kama anaharibu hadithi ya mashujaa, na ujenzi wa Wareno ukubaliwe kuwa kazi ya ustadi, kama UNESCO ilivyokubali mwaka 2011 ilipoitia ngome katika Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo, mwalimu unayepanga ziara muhula ujao, wasimamishe wanafunzi wako langoni kabla hawajatawanyika, uwasomee tafsiri ya lile jiwe, kisha uwaulize Wapemba wangeandika nini. Mkifika ndani, waulize wahifadhi seli zilikuwa upande gani. Na wanafunzi wakirudi makwao Mombasa, Kilifi au Kwale, wape kazi ya kuwauliza wazee ni nani katika jamaa au jirani zao aliyewahi kufungwa pale kabla ya 1958, wayaandike majibu na kuyatunza shuleni, maana waliolikumbuka gereza lile kwa macho yao sasa ni wakongwe na wanazidi kupungua.