Wentworth Cheswell na Vitabu vya Mji wa Newmarket

Mwaka 1717, katika koloni la New Hampshire, mtu mweusi aliyeitwa Richard Cheswell alinunua ekari 20 za ardhi. Aliwahi kuwa mtumwa huko Exeter. Hati ya mauzo hayo ndiyo ya zamani zaidi inayojulikana New Hampshire yenye jina la mnunuzi mweusi, na anayeufuatilia ukoo huu hana budi kuanzia hapo. Maana katika miji ya kule, asiye na mali hakuwa na sauti mkutanoni.

Mwanawe, Hopestill, alikuwa fundi wa kujenga nyumba, na kazi yake ilimtangaza mpaka Portsmouth, mji wa bandari. Nyumba aliyoijenga mwaka 1758 kwa nahodha Gregory Purcell ingali imesimama. Leo ni jumba la makumbusho, lakini linaitwa kwa jina la John Paul Jones, baharia aliyepanga humo baadaye. Ndiyo kawaida ya historia ya majengo: mpangaji hukumbukwa, fundi husahaulika. Fedha za ufundi huo ndizo zilizompeleka Wentworth, mtoto wa Hopestill na mkewe Mzungu, Katherine Keniston, kusoma katika Dummer Academy huko Massachusetts, nafasi ambayo hata vijana wengi wa Kizungu wa vijijini hawakuipata.

Wentworth, aliyezaliwa 1746, alirudi kwao, mji wa Newmarket huko New Hampshire, akawa mwalimu. Akanunua ardhi, akamwoa Mary Davis wa Durham, wakajaliwa watoto 13. Mwaka 1768, alipokuwa na miaka kama 22 tu, mkutano wa mji ulimchagua kuwa konstebo. Wengi humhesabu kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma. Wapo wanaomtanguliza Mathias de Sousa, aliyekaa katika baraza la Maryland mwaka 1642. Kwangu ubishi wa nani alitangulia hauna uzito mkubwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba majirani wa Cheswell waliendelea kumchagua karibu kila mwaka hadi kifo chake: mjumbe wa baraza la mji, mkadiriaji wa kodi, mkaguzi wa hesabu, mchunguzi wa vifo. Kuanzia 1805 alikuwa pia hakimu wa amani, akiandaa hati za ardhi na wosia za watu na kuamua kesi zao ndogondogo.

Waraka unaostahili kutazamwa kwa makini ni wa Aprili 1776. Kamati ya Usalama ya New Hampshire iliagiza wanaume wote waliozidi miaka 21 watie saini ahadi ya kuipinga Uingereza kwa silaha. Agizo liliwaacha kando watu wa aina tatu: wendawazimu, punguani na Weusi. Orodha ya Newmarket ina jina la Wentworth Cheswell. Ni wazi kwamba hakuzuiwa kutia saini. Miaka ya baadaye sensa nayo ikamworodhesha miongoni mwa Wazungu. Mtafiti wa nasaba anayetegemea safu ya rangi peke yake angempoteza mtu huyu kabisa.

Saini hiyo haikubaki ya karatasi. Alikuwa mpeleka habari wa mji kwenda Exeter, makao ya serikali ya mapinduzi, na mwaka 1777 alijiunga na kikosi cha wapanda farasi cha John Langdon kilichokwenda Saratoga, ambako Jenerali Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri tarehe 17 Oktoba. Utumishi wake wa kijeshi ulichukua kama mwezi mmoja, kisha akarejea kwenye madaftari yake.

Ndani ya madaftari hayo ndimo alimodumu. Alinakili kumbukumbu za zamani za mji, akakusanya vitu vya kale vya wenyeji wa asili wa eneo hilo, na akaandikiana barua na mwanahistoria Jeremy Belknap. Mwaka 1801 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa maktaba ya mji. Wosia wake uliagiza vitabu na miswada yake itunzwe pamoja, na anayetaka kuazima apewe kwa ahadi ya kurudisha.

Alifariki Machi 1817. Miaka mitatu baadaye, Bunge la Seneti likijadili katiba ya Missouri iliyotaka kuwazuia Weusi huru na machotara kuingia jimboni, Seneta David Morril wa New Hampshire alisimama akamtaja Cheswell, mtu wa maji ya kunde, hakimu, mwenye mali na familia ya kuheshimika, ili wenzake waone kifungu kile kingewafungia mlango watu wa namna gani. Missouri ilipokelewa mwaka 1821 baada ya kuahidi kwamba kifungu hakitawanyima raia haki zao. Mwaka 1847 ilitunga sheria iliyowakataza Weusi huru kuhamia humo, na katika sheria hiyohiyo ikapiga marufuku kuwafundisha Weusi kusoma na kuandika.