Kubadilisha mafuta ya breki

Kubadilisha mafuta ya breki ni kazi ya kuondoa mafuta yaliyochakaa kwenye masta silinda na mabomba yake, kisha kujaza mapya. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini cha kuchemka hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155.

Mteremko ndio huumbua mafuta machakavu. Gari kuukuu likishuka Kitonga mkoani Iringa, au Iwambi jijini Mbeya, dereva akikanyaga breki mfululizo, mafuta huchemka na mvuke hujaa mabombani. Pedali huzama, gari halisimami.

Fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mara nyingi la nyuma kushoto kwa magari yenye usukani kulia. Msaidizi hukanyaga pedali, fundi hulegeza nati ya kutolea upepo, na mafuta meusi hutoka kwa mpira hadi chupani. Nati hukazwa kabla pedali haijaachiwa. Kopo la mafuta la masta silinda likikauka, upepo huingia na kazi huanza upya.

Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kila baada ya miaka 2. Mafuta ya injini hayafai kamwe: huvimbisha mipira ya breki.