Salamu za Barua Katika Mpaka wa Busia

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokiridhia Kiswahili, Julai 2022, kiwe lugha rasmi, watu wamejadili walimu na vitabu; walakini kwetu Busia na Tororo, ambako nyaraka huvuka mpaka wa Kenya na Uganda sawasawa na mizigo, limebaki swali dogo lisilo na mwenyewe: barua rasmi ianze kwa neno gani, na imalizike kwa lipi?

Wazee wa pwani hawakuwa na shaka. Katika nyaraka za hati ya Kiarabu alizozichapisha Mjerumani Carl Büttner mwaka 1892, waraka hufunguliwa kwa "Ila jenabi", yaani "kwa mheshimiwa", mpokeaji akatajwa kwa taadhima na kwa jina la babake, akatakiwa amani na rehema, ndipo "wa baadu", yaani "na baada ya hayo", iruhusu haja kuingia. Kiswahili nacho kilifika hata Buganda, ambako kijana Dallington Maftaa, aliyeachwa na msafiri Stanley mwaka 1875, alikuwa karani wa Kabaka Muteesa.

Ajabu ni kwamba aliyekuja kuifungia mlango lugha hiyo ni mjukuu wa Muteesa. Gavana William Gowers, mwaka 1927, alipendekeza Kiswahili kienezwe katika shule na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa akampinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia Luganda na hadhi ya ufalme wake, maaskofu wakamwunga mkono, na mwaka 1931 wajumbe wa Uganda wakayafikisha malalamiko hayo London, mbele ya kamati ya Bunge, kwani nyuma ya lugha waliuona muungano na Kenya ya masetla. Hofu yao ilikuwa ya haki. Lakini Wapadhola na Wateso wa Tororo, ambao Luganda nayo iliwajia na majeshi ya Semei Kakungulu, walilipia ugomvi usiokuwa wao.

Posta za Kenya na Uganda ziliunganishwa na ya Tanganyika mwaka 1933, stempu zikawa moja, barua zikabaki mbalimbali: Tororo kwa Kiingereza, na Busia ya Kenya kwa Kiswahili cha shuleni, chenye "S.L.P." juu, "Mint." katikati, na "Wako mtiifu" chini. Mtiifu kwa nani? Kauli hiyo ni ya ofisi za Kiingereza iliyovishwa kanzu, na wanafunzi wanaoiandika "Mint." aghalabu hawajui kuwa ni mintarafu, masalia ya ule ukarani wa Kiarabu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikarudi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kikafunguliwa mwaka 2018, na fomu zake hazina salamu kabisa.

Karani mmoja mstaafu wa Busia, aliyenieleza mengi ya haya, angali anapiga chapa "Wako mtiifu" kwa kuwa ofisi huitaka. Kisha huchukua kalamu, na juu kidogo ya sahihi yake huandika kwa mkono: Wasalaam.