Damu ya Mzee

Desemba iliyopita nilipanda Suji kutokea Makanya na makopo mawili ya rangi: nyeupe, na ile tunayoiita damu ya mzee. Yote ya chumba kimoja, cha mama. Mimi nilitaka nyeupe, yeye nyekundu. Nikadhani ni ukaidi wa uzee tu.

Hoja yangu ilikuwa nzuri. Chumba kina dirisha moja, ukungu wa milimani hauna saa, na mama ana mtoto wa jicho. Ukuta mweupe hurudisha mwanga, mwekundu huumeza.

Lakini ukitazama nyuma, nyekundu ndiyo mwenyeji. Wekundu wa udongo ni chuma kilichoshika kutu, ndiyo maana haupauki upesi. Kwenye miamba ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, michoro ya zamani zaidi ni myekundu. Myeupe kwa kawaida ilikuja baadaye, na mahali pengine imechorwa juu ya ile myekundu. Huko Pwani nyeupe ilitoka baharini: matumbawe yakachomwa, yakazimwa kwa maji yakawa chokaa, na chokaa ikishapakwa hunyonya hewa na kurudi kuwa jiwe. Nyumba aliyozaliwa mama haikuona chokaa. Ilikandikwa udongo mwekundu uliochimbwa hatua chache kutoka mlangoni.

Nikamwambia, "Kumbe unakumbuka kwenu."

"Wala," akasema. "Mwanangu, nyeupe itanisema."

Akainuka kitandani, akaenda mpaka mlangoni huku kiganja kikipapasa ukuta. Hapo ndipo nilipoiona ile njia: alama ya mafuta na jasho, ndefu, imenyooka. Kwenye ukuta mweupe kila mgeni angeisoma. Kumbe macho yalikuwa yamefifia kuliko alivyotuambia kwenye simu, na sisi watoto hatukuuliza vizuri.

Fundi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Mama, tugawe. Chini nyekundu, juu nyeupe." Ndivyo zilivyopakwa shule na zahanati nyingi, kwa sababu hiyohiyo ya mikono. Akamsimamisha ukutani, akamwambia anyooshe mkono, akapiga mstari kwa penseli juu kidogo ya kiganja.

Mwezi ujao tunakwenda kwa daktari wa macho. Mama amekubali, kwa sharti moja: hata akiona vizuri, ukuta usiguswe.