Masoja Wetu Walichapa Vita Kisiwani Madagascar 1942: Hii Hapa Stori Yote, Kutoka Mwanzo Hadi Mwisho

Ukitaja vita vya visiwa kati ya Wamarekani na Wajapani, kila msee anakumbuka muvi. Guadalcanal, Iwo Jima, Okinawa, masoja wanatoka majini risasi zikinyesha. Poa. Lakini wewe unayeishi Spring Valley, unapanda mathree Lower Kabete Road kila asubuhi ukielekea tao, ulishawahi kuambiwa kwamba vita hivyo vilifika hadi huku kwetu? Nyambizi za Japani zilifika Bahari ya Hindi, na masoja kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland wakatumwa kisiwa kizima kukichukua. Shule wengi wetu tuliruka hiyo topiki. Basi kaa hapo, tunakupea yote pole pole.

Ilianza aje?

Juni 1940 Ufaransa ilipigwa na Ujerumani. Serikali mpya ya Marshal Pétain ikaanza kufanya kazi kutoka mji wa Vichy, ikiwa imekubaliana na Hitler. Koloni nyingi za Ufaransa zikabaki chini ya hiyo serikali, na Madagascar ilikuwa mojawapo.

Halafu Desemba 1941 Japani ikaingia vitani. Ndani ya miezi michache ikanyakua Malaya, Singapore na sehemu kubwa ya Burma. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani zikalipua Colombo. Siku nne baadaye zikapiga Trincomalee na kuzamisha HMS Hermes, manowari ya kubeba ndege. Waingereza wakaona hapo si pa kukaa. Sehemu ya meli zao za kivita ikarudi nyuma hadi wapi? Kilindini, Mombasa. Hata wale wataalamu wa kufungua siri za redio za Japani walihamishiwa Mombasa, wakapiga kambi kwa majengo ya shule ya Allidina Visram. Ukipita hapo leo huwezi jua.

Sasa angalia ramani. Madagascar ni kubwa kidogo kuliko Kenya nzima, na iko kando ya njia ya meli zilizokuwa zinapeleka silaha Misri na India. Pale kaskazini kuna bandari moja kubwa sana, Diego Suarez, siku hizi inaitwa Antsiranana. Vichy walikuwa tayari wameruhusu Wajapani kuingia Indochina. Waingereza wakajiuliza: wakiwapa na Diego Suarez je? Mombasa, Durban na Mfereji wa Suez, zote zingekuwa kwa noma.

Mei 1942: Siku tatu za kwanza

Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 Waingereza wakashuka ghuba za magharibi mwa Diego Suarez. Masoja wa nchi kavu waliongozwa na Meja Jenerali Robert Sturges, na meli zikawa chini ya Admirali Neville Syfret. Wafaransa hawakutarajia mtu apitie huko kwa sababu maji yana miamba na mabomu. Lakini kabla ya kufika mjini, Waingereza wakagonga ukuta: ngome na mahandaki ambayo hawakuwa wameyahesabu. Siku nzima wakakwama.

Kilichofungua mambo ni mchezo wa usiku. Tarehe 6, meli moja, HMS Anthony, ilipenya ndani ya bandari gizani ikamwaga masoja 50 wa majini nyuma ya adui. Wakaleta vurugu kama watu mia tano. Kufikia tarehe 7 Mei, Diego Suarez ilikuwa imeanguka.

Wajapani wanaingia

Hapa ndio inakuwa tamu. Usiku wa tarehe 29 Mei ndege ndogo ilionekana ikizunguka juu ya bandari. Ilikuwa imetoka kwa nyambizi ya Japani, I-10. Jioni iliyofuata, nyambizi mbili kubwa, I-16 na I-20, zikaachilia kila moja kinyambizi kidogo cha watu wawili. Kimoja kiliingia hadi ndani ya bandari na kufyatua makombora mawili ya majini. Moja likatoboa manowari kubwa HMS Ramillies, lingine likazamisha meli ya mafuta, British Loyalty.

Wale wawili waliofanya hiyo kazi, Luteni Saburo Akieda na Masami Takemoto, chombo chao kilikwama kwa mwambao. Wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea kaskazini, wakitumaini kuchukuliwa na wenzao. Walisimama kijijini kununua chakula, wanakijiji wakapeleka habari. Tarehe 2 Juni walizingirwa, wakapigana na kufa hapo. Kile kinyambizi kingine hakikurudi.

Nyambizi kubwa nazo hazikuenda nyumbani. Juni na Julai zilizunguka mlango wa bahari kati ya Madagascar na Msumbiji na kuzamisha meli za mizigo zaidi ya 20. Hiyo ni njia ileile ya vitu vilivyokuwa vinakuja Mombasa.

Sasa ni zamu ya KAR

Waingereza wakakubaliana: kushika bandari moja haitoshi, lazima kisiwa chote. Kazi ikawa chini ya Jenerali William Platt, mkubwa wa majeshi ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa hapa hapa Nairobi. Na kikosi kikuu cha kutembea nchi kavu kilikuwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Ndani yake: batalioni ya 5 KAR kutoka Kenya, 1/1 KAR ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na 1/6 KAR ya Tanganyika. Amri zilitolewa kwa Kiswahili na Kinyanja, porini Madagascar. Manze.

Tarehe 10 Septemba 1942 majeshi yakashuka Majunga, pwani ya magharibi. Kutoka hapo hadi mji mkuu, Tananarive, ni mbali kuliko Nairobi hadi Mombasa. Brigedi ya 22 ndiyo ilipewa hiyo barabara. Vichy hawakutaka kupigana uso kwa uso, mbinu yao ilikuwa kuchelewesha. Waliangusha miti barabarani moja baada ya nyingine, wakajenga kuta za mawe, wakavunja madaraja. Kwa mto Betsiboka walikata nyaya za daraja kubwa, lakini sakafu yake ikaanguka majini na kukaa vizuri tu, masoja wakavuka juu yake. Wachapa jasho wetu walikuwa wanakata miti mchana, wanapigwa risasi, wanaondoa mawe, wanasonga.

Tananarive ikaanguka tarehe 23 Septemba. Gavana Armand Annet alikuwa ameshatoroka kusini. Wakamfuata. Oktoba, kwa vilima vya Andriamanalina, KAR walizunguka usiku na kutokea nyuma ya adui, wakakamata mamia ya wafungwa. Fianarantsoa ikafuata tarehe 29 Oktoba. Annet akaishiwa na barabara ya kukimbilia, na vita vikasimama saa za usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1942. Hesabu vizuri: ni miezi sita na siku moja tangu Mei 5. Stori inayorudiwa sana ni kwamba alisukuma muda makusudi, ndio masoja wake wafikishe miezi sita na kustahili medali kwa sheria ya Ufaransa. Buda alikuwa na hesabu.

Kitu kimoja usisahau: malaria. Ilimaliza watu karibu sawa na risasi.

Wakati huohuo, upande ule mwingine wa dunia, Wamarekani walikuwa wanang'ang'ana na Wajapani Guadalcanal tangu Agosti 7. Na ni Wamarekani waliotuokoa bila kujua: Juni 1942 walizamisha manowari nne za Japani za kubeba ndege kule Midway. Baada ya hapo Japani haikuwa tena na nguvu ya kurudi Bahari ya Hindi na jeshi kubwa. Ilibaki na nyambizi.

Bei iliyolipwa

Na hizo nyambizi zilitupata. Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukibeba masoja wa kwenda Burma. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi I-27 iliipiga SS Khedive Ismail. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki na wanawake 77. Mbaya zaidi, nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaogelea, na meli za ulinzi zikaamua kurusha mabomu hapo hapo ili kuimaliza. I-27 ilizamishwa. Fikiria uko ndani ya hayo maji.

Waliofika Burma walipigana na Wajapani bonde la Kabaw na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Mmoja wa waliopigana Burma ni Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama General China wa Mau Mau. Soja mweusi alilipwa kidogo kuliko mzungu, na aliporudi alikuta kipande bado kinamngoja. Ukishaona mzungu akiogopa risasi kama wewe, ni ngumu kumwita bwana tena.

Uende wapi ukitaka kuona?

Si lazima ufike Madagascar. Ile sanamu ya askari watatu pale Kenyatta Avenue ni ya vita vya kwanza, usichanganye. Panda mathree ya Ngong Road, shuka Nairobi War Cemetery. Ndani kuna ukuta wa kumbukumbu wa masoja wasio na kaburi, wengi wao kaburi lao ni bahari. Tembea pole pole ukisoma majina. Utakuta majina unayoyasikia kila siku kwa mathree, kwa darasa, kwa kibanda cha chapo. Kama guka wa nyumbani kwenu alikuwa KAR, uliza wazee wangali hapa: alienda wapi, na alirudi na nini?