Roketi za Kapani Tono

Ukiwa umesimama kituoni Luena unangoja treni, hata ikichelewa mpaka jioni hujakaa mahali pamoja. Dunia inajizungusha, nayo inakubeba kwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,650 hivi kwa saa. Wanafunzi wangu hawakubali mpaka tupige hesabu ubaoni. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Sisi tuko nyuzi tisa na nusu hivi kusini, kwa hiyo duara tunalolizunguka ni dogo kidogo kuliko lile la ikweta. Gawanya kwa saa 24, jibu ni hilo. Mwanafunzi wa Paris akipiga hesabu hiyohiyo hapati zaidi ya 1,100.

Wengi huandika jibu, wakalipigia mstari na kufunga daftari. Hapo ndipo huwazuia, maana hesabu hii si ya mtihani peke yake. Ni mojawapo ya sababu zilizowaleta Wajerumani kurusha roketi katika ardhi ya Katanga, siku hizo ikiitwa Shaba, zaidi ya kilomita 300 kaskazini-mashariki ya hapa petu. Nimefundisha fizikia katika mji huu wa makaa ya mawe na reli miaka mingi, na kila mwaka nakuta darasa zima linaamini kwamba mambo ya anga ni ya Marekani na Urusi. Hakuna aliyewaambia kwamba yalipita hapa, wala yalivyopita.

Mwenye shauri hilo alikuwa Lutz Kayser, mhandisi wa Stuttgart. Mwaka 1975 alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG, na nia yake ilikuwa kupeleka setilaiti angani kwa bei ya chini kuliko serikali yoyote. Wakati ule hakuna kampuni binafsi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyeshiriki katika roketi za V-2 za Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Kennedy kule Florida, walikoondokea watu waliokwenda mwezini. Si jina dogo hilo.

Kurusha kutoka Ujerumani Magharibi kulikuwa kugumu, kwa sababu mikataba iliyofuata vita iliibana nchi hiyo katika mambo ya makombora. Tena Ujerumani iko mbali na ikweta. Setilaiti ili isianguke kutoka kwenye mzunguko wa chini inatakiwa ikimbie kilomita 28,000 hivi kwa saa. Ukiirusha kuelekea mashariki kutoka nchi kama yetu, dunia yenyewe inakuchangia zile 1,650 bila kukudai hata tone la mafuta. Kwa mwenye roketi ya bei nafuu mchango huo si haba.

Rais Mobutu wa Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo, akakubali. Kampuni ilikodishwa eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi, kati ya Manono na Ziwa Tanganyika, mpaka mwaka 2000. Ili mwanafunzi aone ukubwa wake humwambia achukue ramani aliangalie jimbo letu lote la Haut-Lomami: karibu ni sawa. Ni Rwanda karibu nne. Mkataba uliipa kampuni mamlaka mapana mno juu ya ardhi hiyo, hata haki ya kutaka wakaaji wahamishwe. Katika yote niliyoyasoma juu ya mradi ule, hilo ndilo linaloniumiza. Watu walikuwa na makaburi ya wazee wao pale, na mashamba ya mihogo, na mito waliyoivua samaki, nao wakatiwa mkatabani pamoja na vichaka.

Mahali pa kurushia palikuwa Kapani Tono, uwanda wa juu unaokatika ghafla juu ya bonde la mto Luvua. Walitengeneza uwanja wa ndege, kwa kuwa karibu kila kitu kililetwa kwa ndege.

Roketi yenyewe inafaa kutazamwa kwa makini, na darasani hutumia kipindi kizima kuichora. Kayser hakutaka mtambo mmoja mkubwa wenye pampu za kasi, kwa sababu pampu ndizo ghali na ndizo huharibika. Alichukua bomba la chuma jembamba, upana wake sentimita 27 hivi. Sehemu moja ya bomba ilijazwa mafuta ya taa, nyingine asidi ya nitriki. Lakini hakujaza mpaka juu: sehemu ya juu aliacha hewa iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo iliyosukuma vimiminika kwenda kwenye chumba cha moto. Vali za kuruhusu na kupunguza mtiririko zilifunguliwa na mota ya waipa, ileile inayopangusa kioo cha gari wakati wa mvua. Bomba moja halifiki popote. Yafungeni manne pamoja, yatapanda juu. Yafungeni mamia, ndivyo alivyohesabu Kayser, yatabeba tani kadhaa mpaka kwenye mzunguko. Wala hakukusudia kuigeuza roketi kwa kuinamisha injini. Mabomba ya upande mmoja yangepunguziwa moto kidogo, nalo fungu zima lingeelekea upande huo.

Mwanafunzi aliyeielewa sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila msukumo una msukumo wa kuujibu, anaielewa roketi hiyo yote. Ndiyo maana naipenda kuliko zile kubwa za picha za vitabuni.

Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Mwezi huo vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa vinamalizika, baada ya wapiganaji walioingia kutoka Angola kurudishwa nyuma. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978, na tarehe hiyo nataka isomwe polepole. Wiki moja kabla, tarehe 13, Kolwezi ilikuwa imetekwa. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa waliteremshwa juu ya Kolwezi, kilomita 150 hivi kusini ya Luena. Kesho yake, katika Shaba ileile, roketi ya Wajerumani ikapanda juu ya Luvua. Ukiwauliza wazee wa hapa juu ya Mei ile watakusimulia Kolwezi, watakutajia waliokufa na waliokimbia. Roketi hawaitaji, na sioni kwa nini wangeitaja.

Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa amekuja kushuhudia. Ilipanda vizuri kwa muda mfupi, ikapinda, ikaangukia bondeni. Filamu ya siku hiyo ipo. Roketi hizo zote tatu zilikuwa za majaribio. Hakuna iliyofika kilomita 100, pale ambapo kwa desturi anga za juu huhesabiwa kuanza.

Kuanguka kwa roketi moja hakuui mradi, maana kila aliyerusha roketi aliangusha kwanza. Siasa ndiyo iliyoua. Urusi ya Kisovieti ilidai kwamba Wajerumani wanajenga kituo cha makombora katikati ya Afrika, na majirani wakapatwa na hofu. Nao walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu anayerusha kuelekea mashariki kutoka Kapani Tono anapitisha chombo juu ya Ziwa Tanganyika na juu ya Tanzania, na vipande vya roketi huanguka njiani. Aprili 1979 Mobutu akausimamisha mradi. Kampuni ilihamia Libya, na huko nako haikudumu.

Hapa huwa nawapeleka wanafunzi Kenya kidogo. Karibu na Malindi Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini, San Marco, nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na mashariki yake hakuna kitu ila Bahari ya Hindi. Kipande kikianguka, kinaanguka majini. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ndogo ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kwa msaada wake wataalamu walikitambua Cygnus X-1, kitu ambacho leo tunakiita shimo jeusi. Jukwaa la Malindi liliiachia sayansi kitu ambacho mpaka leo kinasomwa. Kapani Tono iliacha uwanja wa ndege.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Katanga haina la kuifundisha dunia juu ya anga. Mwaka 1919 Mjerumani mmoja aliandika juu ya duara la ajabu kwenye uwanda wa Kundelungu, kama kilomita 250 mashariki ya Luena. Linaitwa Luizi. Kutoka ardhini huwezi kuliona lote, kwa maana upana wake ni kilomita 17. Kutoka kwenye setilaiti linaonekana waziwazi: ukingo wa nje ulioinuka mita 300 na zaidi, ndani yake duara la pili, na katikati la tatu. Miaka mingi ilipita bila mtu kuthibitisha limetokana na nini.

Mwaka 2010 wataalamu walikwenda kwa miguu kuangalia mawe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011, na majina manne yameandikwa juu ya karatasi ile: Ludovic Ferrière, François Lubala wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Gordon Osinski na Pierre Kaseti. Jina la Lubala huliandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Walichokiona ni mawe ya mchanga yenye michirizi iliyotawanyika kutoka ncha moja, kama nyuzi za ufagio uliofungwa juu na kuachiwa chini. Volkano haiachi alama hiyo, wala tetemeko la ardhi. Inatokea pale tu jiwe kubwa kutoka angani linapoipiga dunia kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, na mshtuko ukapita ndani ya mwamba upesi kuliko mwamba unavyoweza kupinda. Wakakata vipande vyembamba, wakaviweka chini ya hadubini, wakakuta punje za kwatzi zimejaa mistari iliyonyooka sambamba, ambayo nayo haitokei ila kwa mgandamizo wa namna hiyo. Luizi likawa shimo la kimondo la kwanza kuthibitishwa katika Afrika ya Kati.

Juu ya lile duara la katikati mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, jiwe likipiga si linatoboa? Mbona katikati kumeinuka?" Swali zuri sana. Pigo likiwa kubwa kiasi hicho, mwamba kwa muda mfupi hutenda kama kimiminika: unasukumwa chini, kisha unarudi juu na kuganda ukiwa umeinuka. Mwezini mashimo mengi yana kilima hicho katikati, na ukiwa na darubini ya kawaida unaviona vilima hivyo kutoka Luena, hasa mwezi ukiwa nusu, kivuli kinapokuwa kirefu.

Umri wa Luizi bado haujapatikana. Mwamba uliopigwa una miaka milioni 570 na kitu, kwa hiyo shimo ni changa kuliko hapo, lakini kwa kiasi gani haijulikani. Anayetaka kujua atafute jiwe lililoyeyushwa na lile pigo lenyewe, kwa kuwa jiwe likiyeyuka saa yake ya mionzi huanza kuhesabu upya. Mvua na mito imeondoa sehemu ya juu ya Luizi, na kipande kama hicho, kama kimebaki, kiko chini ya udongo wa Kundelungu. Wanafunzi wawili wa darasa langu la mwisho wameshaniambia wanataka kusoma jiolojia Lubumbashi.