Umwagikaji wa mafuta ya MV Wakashio

Umwagikaji wa mafuta ya MV Wakashio ni maafa ya kimazingira yaliyotokea Morisi mwaka 2020. Meli hiyo ya mizigo, iliyokuwa mali ya kampuni ya Japani na kupeperusha bendera ya Panama, ilipanda mwamba wa matumbawe karibu na Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa, tarehe 25 Julai. Ilikuwa na takriban tani 4,000 za mafuta. Tarehe 6 Agosti ilianza kuvuja, na takriban tani 1,000 zikamwagika baharini.

Wakazi wa mji wa karibu wa Mahébourg na vijiji jirani hawakungoja. Wavuvi, wanafunzi na wazee walikusanyika ufukweni kushona vizuizi vya kuelea: mifuko mirefu ya kitambaa iliyoshindiliwa majani makavu ya miwa ili kunyonya mafuta, na kufungiwa chupa tupu za plastiki ili isizame. Nywele zilizonyolewa pia zilichangwa kwa kazi hiyo. Vizuizi hivyo vilikokotwa kwa mashua hadi kwenye wangwa.

Tarehe 15 Agosti meli ilikatika vipande viwili. Tarehe 29 Agosti maelfu ya watu waliandamana katika mji mkuu, Port Louis, kulaumu serikali kwa kuchelewa kuchukua hatua.